Viza ya Umra si Ruhusa ya Kazi

Mabinti zetu wa Pwani waendao Saudia kutumika majumbani aghalabu huondoka na karatasi wasizozisoma. Twawaomba wazazi watizame kwanza aina ya viza. Ya Umra au ya matembezi haimruhusu mtu kuajiriwa. Aingiaye nayo akafanya kazi ni mkosaji mbele ya sheria, hata akiangukia kwa mwajiri mwema.

Njia ya halali huanzia hapa Kenya. Wakala sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, nayo huulizwa kwa Mamlaka yenyewe. Karatasi iliyotundikwa ukutani mwa wakala si ushahidi. Mkataba wa kazi za nyumbani hupitia mfumo wa serikali ya Saudia uitwao Musaned, na ndani yake mna mshahara na muda. Kabla ya kutia saini, uleteni msikitini tuusome pamoja. Wajuao Kiarabu mitaani mwetu si haba, na Al-Baqara aya ya 282 imetuhimiza kuandikiana deni, liwe dogo au kubwa, sembuse miaka miwili ya umri wa mtu!

Akishafika, ni juu ya mwajiri kumtolea iqama, yaani kibali cha ukaazi, na kulipa ada zake. Pasipoti ni ya binti, mwajiri hana haki ya kuizuia. Akiondoka nyumba ile bila utaratibu huandikwa mtoro, na hapo hata aliyedhulumiwa huhesabiwa mkosaji. Kwa hiyo nakala za pasipoti, viza na mkataba zibaki kwa mama yake, pamoja na nambari ya simu ya ubalozi wetu ulioko Riyadh.