Mapema ni lini? Mwindaji na ngazi za alfajiri

Ukimwambia mwenzako, “Tupatane msituni asubuhi na mapema,” umemwambia saa ngapi? Kwa mwindaji, kauli hiyo haitoshi. Mbawala hupenda kutoka kula wakati wa utusitusi. Anayemvizia sharti awe ametulia oteoni kabla ya utusitusi huo. Akifika pamoja na mwanga, vijiti vitavunjika chini ya miguu yake, na mnyama atakuwa ameenda zake.

Kiswahili kina ngazi za kumwongoza mtu kama huyo. Baada ya usiku wa manane huja majogoo, jogoo wanapowika. Hufuata alfajiri mbichi, giza likiwa bado limetanda. Kisha ni mapambazuko, penye utusitusi, halafu macheo, jua linapochomoza. Kwa hivyo mwindaji hudamka majogoo (wengi wetu tungesema “hurauka”), na kufika alfajiri mbichi. Asubuhi humkuta kazini.

Kwetu Elburgon, ukingoni mwa msitu wa Mau, ngazi hizi zina uzito wa pekee. Tuko karibu sana na ikweta, ndiposa jua huchomoza karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na mapambazuko hayazidi sana dakika 20. Giza na mwanga hupishana upesi. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu kulenga paa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Huku kwetu, nusu saa hiyo chini ya miti ya Mau bado ni giza.

Utauliza: ya nini haya yote, na uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977? Ni kweli, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaadhibu vikali. Lakini hapo ndipo neno linapoweza kumfunga mtu ama kumwachilia. Chukua mfano wa shahidi anayesema alimwona mshtakiwa akitega mitego “asubuhi na mapema”. Mkalimani akitafsiri hivyo hivyo, hakimu ataelewa nini? Ikiwa ilikuwa alfajiri mbichi, shahidi aliona kivuli tu. Ikiwa ilikuwa macheo, huenda aliuona uso. Ushahidi wa kumtambua mtu katika mwanga hafifu hupimwa kwa tahadhari kubwa, na mwanga huo umebebwa na neno moja.

Nawasihi wanahabari, wakalimani na walimu: msiziache ngazi hizi zianguke kwa kuwa wawindaji wameacha kuzipanda. “Mapema” hulinganisha tu wakati mmoja na mwingine; haisemi kama palikuwa na giza au mwanga. Alfajiri mbichi, mapambazuko na macheo husema.