Kwa Nini Kuridhika kwa Mlezi ni Muhimu Mtoto Anapopimwa Makuzi

Mzazi au mlezi anayetoka katika vijiji vya Mkalama, Itigi au Ikungi kumpeleka mtoto kwenye kliniki ya kibingwa hutumia nauli, hupoteza siku ya kazi na wakati mwingine hulazimika kutafuta malazi ya usiku mmoja au zaidi. Anaporudi nyumbani bila kuelewa alichoelezwa na mtaalamu, uwezekano wa kuhudhuria miadi inayofuata hupungua, na anayepata hasara ni mtoto. Kwa sababu hiyo, kuridhika kwa mlezi na tathmini ya makuzi ya mtoto wake ni jambo linalogusa moja kwa moja matokeo ya huduma.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Singida, ambao kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una wakazi 2,008,058. Mkoa huo una halmashauri saba, nyingi zikiwa na vijiji vilivyo mbali na hospitali. Kitaifa, Serikali imekuwa ikitekeleza Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 8. Programu hiyo inasimamia maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama wa mtoto.

Tathmini ya makuzi ni nini

Wazazi wengi wamezoea kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito na urefu na kupata chanjo. Vipimo hivyo huonesha namna mwili unavyokua. Tathmini ya makuzi huangalia kile ambacho mtoto anaweza kufanya: kukaa, kutambaa na kutembea, kushika na kuokota vitu vidogo, kusikia, kuelewa na kusema, kufikiri na kutatua jambo, na kuhusiana na watu wanaomzunguka.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vinaonesha kuwa watoto wenye afya njema huanza kutembea bila kushikwa wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 na takriban miezi 18. Kwa msingi huo, mtoto wa miezi 13 ambaye bado anatambaa hana sababu ya kuitwa mgonjwa, ilhali mtoto aliyevuka miezi 18 bila kutembea anahitaji kuonwa na mtaalamu. Vivyo hivyo, mtoto wa umri wowote anayepoteza uwezo aliokuwa nao, kama vile kuacha kusema maneno aliyokwisha kuyajua, anapaswa kufikishwa kituoni bila kuchelewa.

Safari ya tathmini huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako mtoa huduma huona dalili za awali na kuandika rufaa. Mtoto anaweza kupelekwa hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na inapobidi Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, takriban kilometa 240 kutoka Singida mjini. Baadhi ya wakazi wa Mkalama na Iramba hutibiwa pia katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliyopo wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Tangu mwaka 2024, kambi za madaktari bingwa, wakiwemo mabingwa wa watoto, zimekuwa zikifika katika hospitali za halmashauri na hivyo kuwapunguzia baadhi ya wananchi safari hizo.

Mambo yanayomridhisha mlezi

Baadhi ya watu hudhani kwamba mlezi huridhika pale anapoambiwa kuwa mtoto hana tatizo. Hata hivyo, mlezi aliyepewa taarifa nzito anaweza kuondoka akiwa na imani na huduma endapo ameelezwa kwa uwazi na kwa heshima. Mlezi aliyeambiwa "mtoto atakaa sawa" bila maelezo anaweza kuondoka na mashaka zaidi ya aliyokuja nayo.

Nchini Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster waliandaa katika miaka ya 1990 dodoso la kupima huduma kwa macho ya wazazi, ambalo sasa linatumika katika nchi nyingi. Dodoso hilo huuliza kuhusu mambo matano: iwapo mzazi alishirikishwa katika maamuzi, iwapo alipewa taarifa za jumla kuhusu hali ya mtoto na huduma zilizopo, iwapo alielezwa matokeo ya mtoto wake mwenyewe, iwapo wataalamu waliratibu kazi yao, na iwapo aliheshimiwa. Mara nyingi, eneo linalopata alama za chini ni la taarifa za jumla. Wazazi husema walitendewa kwa utu, lakini hawakujua waende wapi baada ya hapo.

Upungufu huo unaweza kurekebishwa bila mashine mpya. Dakika chache za kueleza matokeo kwa maneno ya kawaida, karatasi yenye tarehe ya miadi, zoezi moja au mawili ya kufanya nyumbani na jina la kituo cha karibu cha kufuatilia hubadilisha ziara moja kuwa mwanzo wa huduma endelevu.

Lugha na vifaa vya kupimia

Kuridhika hutegemea pia iwapo mlezi anaamini kuwa mtoto wake amepimwa kwa haki. Katika Mkoa wa Singida, watoto wengi husikia nyumbani Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo au lugha nyingine kabla ya Kiswahili. Mtoto wa miaka miwili anayeoneshwa picha na kuulizwa kwa Kiswahili pekee anaweza kunyamaza, si kwa sababu amechelewa kusema, bali kwa kuwa hajaulizwa kwa lugha anayoijua. Mlezi akishirikishwa kueleza maneno ambayo mtoto hutamka nyumbani, matokeo huwa ya kuaminika zaidi.

Ukanda wa Afrika Mashariki na Kusini umepiga hatua katika jambo hilo. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kiliandaliwa kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachozingatia mazingira yao, na Malawi ilipata kipimo chake kilichochapishwa mwaka 2010. Aidha, kisiwa cha Pemba kilikuwa miongoni mwa maeneo ambako Shirika la Afya Duniani lilifanyia majaribio vipimo vyake vya kimataifa vya makuzi ya awali.

Sifa zisizotosha

Kupima maoni ya walezi kunahitaji uangalifu. Mlezi anayeulizwa mlangoni na muuguzi aliyemhudumia, "Je, umeridhika?", mara nyingi hujibu ndiyo, ama kwa shukrani au kwa kuhofia kwamba lawama itamharibia mtoto huduma. Majibu yenye manufaa hupatikana kwa maswali mahususi: ulisubiri kwa muda gani, ulielezwa nini, unaweza kurudia kwa maneno yako ulichoelezwa, na miadi yako ni lini. Ni vyema maswali hayo yaulizwe na mtu mwingine, au siku kadhaa baadaye.

Haki na wajibu wa mlezi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata uangalizi maalum, matibabu na fursa sawa ya elimu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza watoto wenye umri chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, hivyo kuchelewesha tathmini hadi umri huo upite kunaweza kuongeza gharama kwa familia. Tathmini ya mapema husaidia pia kupanga masomo ya mtoto, ikiwemo katika shule zinazopokea wanafunzi wenye ulemavu kama Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko.

Wazazi na walezi wanashauriwa kwenda kliniki na kadi ya mtoto pamoja na barua ya rufaa, na kueleza bila kuficha historia ya ujauzito, kujifungua na maradhi ya mtoto. Kabla ya kuondoka, mlezi aulize mambo manne: mtoto amepimwa nini, matokeo yanamaanisha nini, nifanye nini nyumbani, na nirudi lini na wapi. Asipoelewa, ana haki ya kuomba aelezwe tena.

Maoni, pongezi na malalamiko kuhusu huduma yanaweza kuwasilishwa kwa uongozi wa kituo, kwa kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya kupitia namba 199, au kupitia mfumo wa e-Mrejesho.