Kitu cha kale katika duka la rehani Kampala: bei yake hupatikanaje?

Maduka ya rehani jijini Kampala yamezoea simu, kompyuta, runinga, magari na mikufu ya dhahabu. Bei za vitu hivyo zinafahamika, na mara nyingi mazungumzo huisha kwa dakika chache. Ugumu huanza pale mteja anapofungua kitambaa na kutoa sarafu nzito aliyoachiwa na babu yake, au kigoda cha kuchongwa ambacho hakuna aliye hai anayejua kilitoka wapi. Hapo watu wawili hutazama kitu kimoja kwa macho tofauti. Mteja anafikiria umri wake, ilhali mwenye duka anafikiria siku atakayolazimika kukiuza.

Mkopo wa rehani hautolewi kwa thamani kamili ya kitu. Hutolewa kwa sehemu ya kile kitakachopatikana kikiuzwa upesi, endapo mwenyewe hatarudi kukikomboa. Simu itapata mnunuzi kesho. Kigoda cha kale huenda kikakaa rafuni mwaka mzima kikimsubiri mtu mmoja anayekielewa. Ndiyo maana kitu adimu kinaweza kupewa mkopo mdogo kuliko simu iliyotumika, jambo linalowaudhi wengi waliodhani kwamba uadimu ndio ungekuwa silaha yao.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka hukimbilia kwanza kile kinachoweza kupimwa, na madini ndiyo rahisi zaidi kupima. Dhahabu husuguliwa juu ya jiwe la sonara na kutiwa tindikali, kisha huwekwa kwenye mizani. Dhahabu ya karati 22 ina karibu asilimia 92 ya dhahabu halisi, na ya karati 18 ina asilimia 75. Ufundi wa sonara na historia ya familia havimo katika hesabu hiyo.

Sarafu huhitaji uangalifu zaidi. Mfano mzuri ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika sana katika biashara ya Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki. Sarafu hiyo ina mwaka 1780, na anayeisoma hudhani ameshika kitu cha karne ya 18. Lakini malkia huyo alifariki mwaka huo huo wa 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara waliiamini sura yake, sarafu iliendelea kufuliwa kwa tarehe ile ile hadi karne ya 20, katika miji kama Vienna, London na Bombay. Tarehe basi haithibitishi umri. Kinachobaki ni uzito wa gramu 28 hivi, ambamo sehemu tano kati ya sita ni madini ya fedha, yaani takriban gramu 23. Ukiilinganisha na shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921, ambayo robo yake tu ilikuwa fedha, utaona kwa nini mwenye duka huchukua mizani kabla ya miwani. Noti za enzi za Idi Amin nazo huletwa kwa matumaini makubwa, lakini haziwezi tena kununua chochote, na hupatikana kwa wingi.

Mti hauna mizani ya namna hiyo. Katika maduka ya sanaa ya Barabara ya Buganda na nyuma ya Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa huuzwa vinyago na vigoda vipya vilivyo vizuri kabisa, na si vigumu kukifanya kipya kionekane cha kale kwa masizi, udongo na rangi ya viatu. Mkaguzi makini hutafuta uchakavu usiolingana: kigoda kilichokaliwa kweli hulainika pale mtu alipokaa na pale mkono ulipokibebea, si pande zote sawasawa. Picha ya zamani ya familia yenye kitu hicho ndani yake husaidia kuliko hadithi ndefu.

Vitu vingine havifai kufika dukani kabisa. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, biashara haramu ya pembe za ndovu inaweza kuleta kifungo cha maisha, na mahakama ya Kampala ilitoa adhabu hiyo mwaka 2022. Urithi wa kale nao unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Makaburi ya Kihistoria ya mwaka 2023. Uganda inajua uchungu wa kupoteza vitu hivyo: kichwa cha udongo kilichofukuliwa na wafungwa huko Luzira mwaka 1929 kimo hadi leo katika Makumbusho ya Uingereza. Mwenye shaka aanze katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Barabara ya Kira. Hakwendi kuuliza bei pale, anakwenda kuuliza kitu chenyewe ni nini.

Kisha huja mapatano. Sokoni mnunuzi husema kwa Kiluganda, “Ssebo, salako,” naye muuzaji hupunguza kidogo. Katika duka la rehani mambo hugeuka, maana mwenye fedha ndiye anayeanza kwa kuuliza, “Unataka kiasi gani?” Anayejibu kwa haraka amejiwekea dari. Ni afadhali kuuliza kwanza kitu kimepimwaje na kimeonekana kuwa nini, kisha kupeleka jibu hilo duka la pili na la tatu.

Hata hivyo, wengi hupigania kiasi cha mkopo na kusahau riba, na hapo ndipo vitu vya urithi hupotelea. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji. Kwa mkopo wa shilingi 500,000 hiyo ni shilingi 14,000 kila mwezi, au 84,000 kwa miezi sita. Kwa asilimia 10, miezi hiyo hiyo ingegharimu 300,000, na kigoda cha bibi kisingerudi nyumbani.

Leseni ya mkopeshaji hutolewa na mamlaka ya usimamizi wa mikopo midogo, UMRA, na huisha kila tarehe 31 Desemba, hivyo ya mwaka jana haitoshi. Mkopeshaji haruhusiwi kushika kitambulisho cha taifa wala pasipoti kama dhamana. Mkataba nao usiandike “sarafu moja ya zamani” pekee. Uandike uzito, vipimo, mikwaruzo na tarehe ya mwisho ya kukomboa, pamoja na picha za pande zote mbili, ili siku ya kukomboa ijulikane kama sarafu inayorudishwa ni ile ile iliyowekwa.