Bwawa la majitaka lisifurike

Mjini Moshi majitaka hupitishwa katika mabwawa, na yakisha kusafika wakulima huyatumia kumwagilia mpunga. Hii ni faida kubwa. Lakini kinachoua vijidudu humo ni jua, hewa na muda. Maji sharti yakae bwawani siku nyingi.

Mvua kubwa za masika huyasukuma yatoke kabla ya siku zake. Bwawa likifurika, maji ambayo hayajasafika hufika mashambani na visimani. Ndipo tunapougua kuhara, minyoo, homa ya matumbo, hata kipindupindu.

Tufanyeje? Wasimamizi wa mabwawa wapunguze mapema maji safi ya bwawa la mwisho ili pawe na nafasi. Wachimbe mfereji wa kupitisha maji ya mvua kando, na waimarishe kingo.

Nasi nyumbani tusielekeze maji ya paa kwenye bomba la majitaka, wala tusitupe taka mitaroni. Mafuriko yakitokea, watoto wasichezee maji hayo. Tuchemshe maji ya kunywa, na mboga zipikwe zikaive. Anayehara anyweshwe maji ya chumvi na sukari, apelekwe zahanati upesi. Kinga ni bora kuliko tiba.