Upepo Ukiezua Paa: Namna ya Kudai Bima

Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kingine, Kenneth, kiliipiga Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, nasi wa Newala na Masasi tukasalimika. Basi mwenye nyumba aliyekata bima yafaa ajue namna ya kudai fidia.

Kwanza, asome hati yake paa lingalipo. Bima ya moto peke yake huenda isilipe hasara ya tufani.

Pili, upepo ukiisha kupita, aipashe kampuni habari mara moja, kwa maandishi.

Tatu, apige picha kabla ya kuondoa hata bati moja. Kisha afunike vilivyosalia kwa turubai, mvua isizidishe hasara.

Nne, aandike orodha ya vitu na bei zake, wala asitupe kilichovunjika mpaka mkadiriaji wa hasara akione.

Sasa hesabu, wanafunzi. Nyumba ina thamani ya shilingi 20,000,000. Baba ameikatia bima ya 10,000,000 ili alipe ada ndogo. Upepo umeleta hasara ya 4,000,000. Atapata ngapi? Kwa kanuni ya bima nyingi za nyumba, ni 2,000,000 tu, kwa kuwa aliikinga nusu.

Kampuni ikimdhulumu, aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini hati zisikae darini: paa likienda, nazo huenda. Nakala zitunzwe kwa ndugu wa kijiji kingine.