Kapu la Nyumbani, Sahani ya Nje

Jumanne tarehe 7 Aprili 2020 masoko ya Lima, mji mkuu wa Peru, yalifurika wanawake. Siku chache kabla, Rais Martín Vizcarra alikuwa ametangaza njia iliyoonekana rahisi ya kupunguza watu barabarani wakati wa korona. Wanaume watoke Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanawake watoke Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili kila mtu akae ndani. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa kabisa: nusu ya watu wakibaki nyumbani, nusu ya msongamano imekwisha. Agizo lilianza kutumika tarehe 3 Aprili. Kufikia tarehe 10 lilikuwa limeshafutwa.

Siku za wanaume masoko yalipumua. Siku za wanawake foleni zilizunguka mitaa. Wanawake waliozoea kwenda sokoni siku yoyote ya wiki sasa walibanwa ndani ya siku tatu, na wiki ile ilikuwa ya Pasaka, serikali ikawa imefunga kila mtu ndani Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu. Mzigo wote ukaiangukia Jumanne. Tena karibu nusu ya kaya za Peru hazikuwa na friji. Ukimwambia mama asiye na friji anunue samaki wa siku nne, hujui unachosema.

Panama ilitangulia kwa siku mbili na kanuni ya namna hiyohiyo, ikaishikilia kwa muda mrefu zaidi. Bogotá, chini ya Meya Claudia López, ikagawa watu kwa tarehe witiri na shufwa, wanaume na wanawake, kuanzia 13 Aprili hadi 11 Mei. Wanasiasa wataendelea kubishana kama ilisaidia afya. Mimi naandika kurasa za biashara, na kwangu Lima ilifanya jaribio ambalo hakuna kampuni ya utafiti wa soko ingeweza kulilipia. Katika mji wa mamilioni ya watu, wanaume walipewa siku zao rasmi za kununua chakula, na soko likajibu kwa siku chache tu ni nani anayebeba kapu.

Afrika Mashariki hatukugawiwa siku, lakini anayeuza chakula Nairobi aliyaona hayohayo kwa mlango mwingine. Biashara ya chakula mjini kwetu ni mbili, ingawa takwimu huzichanganya. Kuna sahani ya nje na kuna kapu la nyumbani. Sahani ya nje ni chai na chapati ya asubuhi karibu na mjengo, ugali na madondo ya mchana kibandani, mutura wa jioni, na mwisho wa mwezi nyama choma. Mteja wake mkubwa ni mwanamume, na pesa anayoitumia hapo haipiti mikononi mwa mkewe wala haihesabiwi kama matumizi ya nyumba. Kapu la nyumbani ni unga, mafuta ya kupima, sukuma, nyanya tatu na kitunguu, na dhania kidogo ya kuongezewa bure. Hilo ni la mwanamke, hata pale pesa inapotoka kwa mume. Wapo makapera wanaojipikia na wapo wanawake wanaokula kibandani kila mchana, najua. Lakini muulize muuza madondo wateja wake ni akina nani, kisha mvuke barabara umuulize mama mboga swali hilohilo.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku tatu baadaye shule zikafungwa. Baa zikafuata, mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kwenda nacho tu, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa wiki mbili tu sahani ya nje ilikuwa imekatwa miguu. Waliokuwa wakiila hawakuacha kula. Walirudi nyumbani.

Hapo ndipo hesabu ya kapu ilipoharibika. Mtoto aliyekuwa akipata mlo wa mchana shuleni alikaa nyumbani hadi Oktoba, na wengi hadi tarehe 4 Januari 2021 shule zote zilipofunguliwa. Baba naye, ambaye kwa miaka mingi chakula chake cha mchana hakikuwa kazi ya jiko la nyumbani, sasa alikuwa sebuleni saa saba akisubiri. Je, ile pesa ya kibandani ilihamia kwenye kapu? Kwa mwenye mshahara, pengine. Kwa kibarua haikuhamia popote, kwa sababu ilitokana na kazi ya siku na kazi yenyewe haikuwapo. Watafiti wa Population Council waliowapigia simu wakazi wa mitaa mitano ya mabanda Nairobi mwezi Aprili waliwakuta wengi wamepoteza kipato, chote au sehemu, na wengi wameruka milo.

Mama mboga, ambaye ungedhani angetajirika watu wote wakila nyumbani, alikuwa na shida ya saa. Biashara yake huwaka kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, matatu zinapomwaga watu stejini. Kafyu ya saa moja ilimkata katikati ya mavuno. Karibu na kwangu nilimwona mmoja akibadilisha mtindo mzima wa kazi ndani ya wiki moja. Zamani alikuwa akikata sukuma mteja akiwa amesimama, kisu kikitembea na umbea ukitembea. Sasa kufikia saa tisa alasiri mifuko ilikuwa imeshakatwa na kupangwa kwa bei kwenye meza, nyanya zimefungwa nne nne, na simu iko kiunoni. Oda zilikuja kwa ujumbe, malipo kwa M-Pesa, na kijana wa bodaboda akazungusha. Saa kumi na mbili na nusu turubai lilikuwa limeshashushwa.

Kuna uamuzi mmoja wa kifedha uliosaidia hapa ambao haukuwahi kuitwa ruzuku ya chakula. Katikati ya Machi, Benki Kuu ya Kenya na kampuni za simu ziliondoa ada ya kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000, na nafuu hiyo ikadumu hadi mwisho wa Desemba 2020. Lengo lililotajwa lilikuwa watu wapunguze kushika noti. Lakini tazama kiwango chenyewe. Mnunuzi wa gari hakuhitaji nafuu ya shilingi elfu moja. Aliyeihitaji ni aliyelipa themanini kwa mboga na mia na kitu kwa unga, kila jioni. Kapu la nyumbani lote liliingia chini ya dari hilo.

Upande wa maduka makubwa mambo yalikuwa tofauti, na yalichekesha kidogo. Wanaume waliokuwa na kazi za ofisini na gari walianza kuonekana kwenye vijia vya supamaketi, wengine kwa mara ya kwanza tangu waoe, simu sikioni, wakiuliza ni dengu ipi. Wauzaji wanawajua wateja wa aina hii. Mwanamume aliyetumwa hapapasi nyanya wala halinganishi bei ya kilo mbili na ya kilo tano. Huchukua alichoandikiwa, na kama hakipo huchukua kilicho ghali zaidi kando yake ili asirudi mikono mitupu. Ni mteja mzuri kwa duka, mteja mbaya kwa bajeti. Naivas na Carrefour zikakazana kupeleka bidhaa majumbani. Twiga Foods, iliyojengwa kwa kuwauzia wachuuzi, ikashirikiana na duka la mtandaoni la Jumia kuuza mboga na matunda moja kwa moja kwa mlaji.

Mengi yalisemwa kwamba huo ndio mwanzo wa mwisho wa kibanda cha mboga. Nadhani waliosema hivyo hawajawahi kukopa sukuma. Programu ya simu haina daftari la madeni. Mama mboga analo, na katika miezi ile daftari hilo lilikuwa benki ya mtaa: mteja aliyekosa kazi Aprili alikula kwa jina lake hadi Juni. Anayedaiwa ni mwanamke, anayedai ni mwanamke, na dhamana ni kujuana. Hasara yake pia ilikuwa ya mwanamke, kwani aliyehama usiku bila kulipa aliacha ukurasa mzima.

Ukija upande wa wauzaji, kosa la Lima, la kupanga bila kumkumbuka anayebeba kapu, lilijirudia kwetu kwa sura nyingine. Chukua maziwa ya ngamia. Isiolo, biashara hii iko mikononi mwa wanawake, baadhi yao wakiwa wamejiunga katika ushirika wa Anolei. Maziwa hukusanywa kwenye mitungi, hupozwa, kisha hupakiwa kwenye basi la abiria kwenda Eastleigh, Nairobi, ambako wanawake wengine huyapokea na kuyauza kwa kipimo. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta alipofunga Nairobi, malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Serikali ilikuwa imekumbuka chakula. Lakini ilikumbuka chakula kinachopanda lori, na mtungi wa mama wa Isiolo hupanda basi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 6 Mei, Eastleigh yenyewe ikafungwa pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, masoko na mikahawa ikiwemo.

Mpakani Busia ni hivyohivyo. Uganda ilipofunga mipaka kwa watu Machi 2020, mizigo iliachwa ipite, maana yake dereva wa lori apite. Mwanamke anayevuka kwa miguu na omena au ndizi kichwani hakuwa mzigo, alikuwa mtu, kwa hiyo alizuiwa pamoja na alichobeba. Kampala, Rais Museveni aliwataka wachuuzi wa chakula walale sokoni kwa siku kumi na nne badala ya kwenda na kurudi. Wanawake wakatandika mikeka kati ya meza za Nakasero na masoko mengine, vyandarua juu, watoto wameachwa kwa majirani. Mji uliendelea kula. Bodaboda zilizokatazwa kubeba watu zikageuka za kubeba vyakula, na huko nako Jumia ikaunganishwa na wachuuzi wa masokoni kwa msaada wa UNDP.

Tanzania haikuweka kafyu, na ndiyo maana mfano wake unafaa kutazamwa. Shule na vyuo vilifungwa kuanzia Machi, na hilo peke yake liliwafilisi mama lishe waliokuwa wakipikia karibu na mageti ya vyuo na shule. Wateja wao walikuwa wamerudi kwao mikoani. Genge la mtaani lilikuwa na habari nyingine: tangawizi, limau na vitunguu saumu vilipanda bei kwa sababu ya kujifukiza kwa nyungu na chai za kujikinga, na aliyepelekwa kuvinunua, kama kawaida, alikuwa mama.

Swali la nani alikula nini ndani ya nyumba ni gumu kulipima dukani. Muuza unga anaona pakiti imetoka, haoni imegawanywaje. Shirika la FAO na wenzake waliripoti kwamba mwaka 2020 uhaba wa chakula wa kiwango cha kati na cha juu duniani uliwakumba wanawake kwa asilimia 10 zaidi ya wanaume, wakati mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa asilimia 6. Aliyelelewa katika nyumba zetu hahitaji kuelezwa inavyokuwa. Kipande kikubwa ni cha baba, watoto wanafuata, na mama anasema ameshashiba kwa kuonja alipokuwa akipika. Hicho ndicho kipunguzo cha kwanza katika bajeti ya nyumba, na hakionekani kwenye risiti yoyote.

Kwa mwenye kiwanda cha unga au mafuta, maana yake ni kwamba mauzo hayakumwonyesha dhiki mapema. Mnunuzi wake alijipunja kwanza, akapunguza pakiti baadaye. Kampuni zilizokuwa na vifungashio vidogo zilipata faraja kwa sababu mwenye kapu alishuka kutoka kilo mbili hadi kilo moja bila kubadilisha jina la unga. Waliotegemea pakiti kubwa tu waliona mteja akihamia unga wa posho mill, ambao haufungwi wala hautangazwi.

Ajabu ni kwamba hadi leo matangazo ya unga na mafuta hayachoki kumwonyesha mama jikoni, lakini mikutano iliyopanga saa za masoko, njia za malori na ratiba za kafyu ilifanyika kana kwamba chakula hujinunua chenyewe. Peru iligundua kosa hilo kwa siku nane kwa sababu lilionekana kwa macho. Kwetu lilijificha kwenye mtungi wa maziwa na kwenye daftari la madeni.

Kafyu ya Kenya iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Madondo yalirudi kibandani, baba akarudi kula nje, na mama mboga wa karibu na kwangu akarudisha kisu na umbea wake wa jioni. Kitu kimoja hakukirudisha nyuma: kufikia saa tisa alasiri mifuko ya sukuma bado huwa imeshakatwa na kupangwa, kwa ajili ya wanaopiga simu.