Saa zikisogezwa Ulaya na Marekani, kwetu kinabadilika nini?

Mpenzi wa soka anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kwenye kibanda umiza analijua jambo hili, hata kama hajawahi kuelezwa sababu yake. Mechi za Jumamosi zinazoanza saa 9 alasiri kwa saa za Uingereza, mwezi Agosti na Septemba sisi tunaziona saa 11 jioni. Ikifika Novemba, mechi hizo hizo zinaanza saa 12 jioni. Ligi ya Mabingwa nayo inahama kutoka saa 4 usiku kwenda saa 5 usiku, na anayewahi shamba asubuhi analala kabla ya kipindi cha pili. Kisha Aprili mechi zinarudi saa 4.

Ratiba yao haijaguswa. Kilichoguswa ni saa zenyewe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, na sisi hatusogezi. Kwa mwenye ndugu nje ya nchi, anayesubiri usaili kwa njia ya simu, au mwenye simu iliyopangwa vibaya, tofauti hiyo ya saa moja inaweza kumgharimu.

Wanasogeza lini na vipi?

Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 siku hizo ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba. Mjini London, inapofika saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili hiyo ya Machi, saa inarukia saa 8 palepale. Usiku huo kwao unakuwa mfupi kwa saa moja. Huku kwetu wakati huo ni saa 10 alfajiri, na hakuna kinachoruka.

Marekani wana tarehe zao. Husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba. Ndiyo maana mwezi Machi kuna wiki tatu ambazo Marekani wameshasogeza na Ulaya bado.

Kwa nini wanafanya hivyo?

Sababu ni jua. Nchi zilizo mbali na Ikweta hupata mchana mrefu sana majira ya joto na mfupi sana majira ya baridi. London, mwezi Juni mchana unazidi saa 16, lakini Desemba haufiki saa 8. Majira ya joto jua linachomoza watu wakiwa bado wamelala. Wakisogeza saa mbele, ile saa moja ya mwanga wa alfajiri inahamia jioni, watu wakiwa macho.

Mwaka 1907 mjenzi wa nyumba wa Uingereza, William Willett, alichapisha kijitabu akitaka nchi yake ifanye hivyo. Alifariki mwaka 1915 bila kuona wazo lake likikubaliwa. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyolipa nguvu. Ujerumani ilisogeza saa zake tarehe 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe yaliyotumika kuwasha taa, na Uingereza ikafuata tarehe 21 Mei mwaka huo huo. Marekani ilianza mwaka 1918.

Wengi hudhani mpango huu ulianzishwa kwa ajili ya wakulima. Sivyo. Wakulima wa Marekani walikuwa miongoni mwa walioupinga zaidi. Ng'ombe hasomi saa, anataka kukamuliwa wakati ule ule aliozoea. Umande nao haukauki kwa sababu serikali imesogeza mshale. Mfugaji yeyote wa kwetu anawaelewa.

Hata sasa huko Ulaya wapo wanaotaka jambo hili likome. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuunga mkono kuacha kusogeza saa kuanzia 2021, lakini nchi wanachama hazikukubaliana, na mpango unaendelea.

Kwa nini sisi hatusogezi?

Kwa sababu hatuna mwanga wa kuokoa. Tanzania iko karibu na Ikweta. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haifiki saa moja. Bukoba, iliyo karibu zaidi na Ikweta, tofauti ni ndogo zaidi. Mwaka mzima jua linachomoza karibu na saa 12 na kuzama karibu na saa 12.

Uthabiti huo ndio uliozaa hesabu yetu ya saa. Mswahili huanza kuhesabu kunapokucha. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kupita, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza kupita. Hesabu hiyo isingefaa London, ambako Juni jua linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na Desemba linachomoza saa 2 asubuhi.

Nchi yetu yote inatumia saa moja, ingawa jua haliwafikii wote kwa wakati mmoja. Linazama Dar es Salaam karibu dakika 40 kabla ya kuzama Kigoma. Lakini wa Kigoma na wa Ubungo wakitazama simu zao wanaona saa ile ile, sawa na walioko Kenya na Uganda.

Hapa tusichanganye mambo mawili. Burundi, Rwanda, mashariki ya Kongo, Zambia na Malawi wako nyuma yetu saa moja, na Oman na Dubai wako mbele yetu saa moja. Tofauti hizo hazibadiliki mwaka mzima, kwa sababu nchi hizo nazo hazisogezi saa. Afrika pia wapo wanaosogeza. Misri ilirejesha utaratibu huo mwaka 2023, hivyo majira ya joto Cairo inakuwa na saa sawa na yetu.

Tofauti kati yetu na wanaosogeza

London iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Ujerumani, Uholanzi na Sweden ziko nyuma saa 2 wakati wa baridi na saa 1 majira ya joto. New York iko nyuma saa 8 wakati wa baridi na saa 7 majira ya joto.

Tuseme dada yako anafanya kazi London na hupiga simu akitoka kazini saa 11 jioni ya kule. Wakati wa baridi simu inakufikia saa 2 usiku. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi itaita saa 1 usiku. Kama mama yenu hupanda kwenye kilima chenye mtandao ili aongee naye, mwambieni mapema awahi.

Jambo zito zaidi ni usaili wa kazi au wa masomo. Ukiandikiwa kwamba utapigiwa saa 10:00 asubuhi ya London, hesabu ina hatua mbili. Kwanza ongeza tofauti. Kabla ya 29 Machi unaongeza 3, unapata 13:00. Kuanzia tarehe hiyo unaongeza 2, unapata 12:00. Pili, igeuze kuwa saa ya Kiswahili. 13:00 ni saa 7 mchana, na 12:00 ni saa 6 mchana. Aliyekariri hesabu ya Februari ataketi saa 7 wakati usaili ulishapita.

Ikague simu yako

Simu janja hupata saa kutoka kwenye mtandao. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya tarehe na saa, na uhakikishe imewekwa kujipanga yenyewe. Ukitakiwa kuchagua eneo, chagua Dar es Salaam. Kama halimo kwenye orodha, chagua Nairobi, ni sawa.

Tatizo huwapata wenye simu zilizotoka nje au zilizopangwa kwa mkono. Mtu hurekebisha saa ikaonekana sahihi, lakini eneo likabaki London. Simu hiyo itafuata utaratibu wa London. Usiku wa Jumapili ya mwisho ya Oktoba itajirudisha nyuma saa moja bila kukuuliza. Uliyetega kengele ya saa 10 alfajiri uwahi basi la saa 12 asubuhi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis wilayani Ubungo, itakuamsha saa 11. Na ukitokea mbali na stendi, basi litaondoka nauli yako ikiwa imeshalipwa.

Simu za kitochi nyingi hazina shida hiyo. Saa uliyoiweka ndiyo itakayobaki, mradi betri isitolewe.

Kwa hiyo Machi na Oktoba, ukipanga jambo na mtu aliye nje, usiishie kumwuliza "saa ngapi?" Mwulize pia "saa ya wapi?" Akuandikie kabisa: saa 7 mchana, kwa saa za Afrika Mashariki. Yeye ndiye anayesogeza saa, na yeye ndiye wa kufanya hesabu. Wewe saa yako iache palepale.